Mpangaji wa Saa Mbili

Jumanne, Arua. Jenereta imekohoa mara mbili ikanyamaza,
umeme umerudi, na printa ya maabara
imeamka haina anwani.
Imeomba. Imeomba tena.
Seva haina la kuipa: vyumba vimejaa.

Mia mbili hamsini na vinne, vyote?
Nimefungua daftari la wapangaji.
Simu ya baba aliyeleta mtoto mwenye malaria Jumatano iliyopita.
Simu mbili za mama wa Ariwara, aliyevuka mpaka na vitenge,
akauza wodini, akarudi kwao.
Simu ya bodaboda aliyengoja dakika kumi getini.
Wote wamekwenda zao. Vyumba vimefungwa kwa ndani
na ndani hamna mtu.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe.
Sisi tulimpa siku nane
na shamba hatukumwonyesha.

Hiyo nane niliiandika mimi,
enzi za kompyuta kumi na sita,
mgeni mwenye simu ya maana akiwa daktari peke yake.
Nimeifuta. Nimeandika saa mbili kwa wageni;
mashine za wodi na maabara nimeziachia siku zao,
kwani mashine ya kazi haihami kila jioni.
Waliokwisha kuondoka nimewatoa mmoja mmoja.
Aliyepo hataumia: muda ukifika nusu
simu yenyewe hubisha hodi, "nipo bado,"
ikaongezewa,
na mwenyewe hana habari, anatazama mpira.

Saa nane mchana printa imepata chumba.
Imetema karatasi za asubuhi nzima,
Onzima akazipokea kwa mikono miwili
kama anayekinga maji ya mvua.

"Na za wodi ya wazazi?" ameuliza.
Za wodi ya wazazi hazimo.

Wodi ile huomba damu kwa jina, DRANI-1.
Jina linajibu bila kusita: niko sitini na moja.
Sitini na moja leo ni simu ya kijana
aliyekaa kwenye benchi akingoja dada yake ajifungue.
Tangu alfajiri maombi ya damu yanagonga mfukoni mwake
naye hasikii.

Nina ufagio. Kila usiku hupita kwenye orodha ya majina:
siku saba jina haliguswi,
siku saba nyingine lipewe nafasi ya kusema lipo,
lisiposema, linafagiwa.
Umekwisha kuondoa majina mangapi, sikumbuki.
Hili ulilipita, usiku baada ya usiku,
kwa sababu Drani aliliandika kwa mkono wake
na linaloandikwa kwa mkono halina tarehe.
Ufagio hausomi kisicho na tarehe.

Kwa Kilugbara jina lake lina kifo ndani; alizaliwa matangani.
Langu, Candiru, lina dhiki.
Alizoea kunitania tukivuta nyaya darini, vumbi hadi kwenye kope:
"Kifo na Dhiki ndio mafundi, halafu watu wanauliza
kwa nini mtandao unakatika."
Tulimzika ng'ambo ya Enyau, Machi, njia ikiwa tope.
Kompyuta yake ilipelekwa stoo wiki ile ile.
Anwani yake ikarudi kwenye fungu. Jina likabaki linaelekeza watu.

Mashine imeuliza: una uhakika?
Nimenywa chai kwanza. Ilikuwa imepoa.
Kisha nimebonyeza.

Jipya nimeliita DAMU-MAABARA, si la mtu,
nami nimeliacha lijiandikishe lenyewe, na tarehe yake,
ili siku likinyamaza lisimsubiri mtu kama mimi.

Wodi imeita. Maabara imeitika.
Onzima amebeba chupa mbili, anatembea haraka bila kukimbia.

Jioni nimechungulia daftari.
Sitini na moja ni tupu.
Benchi nalo tupu; mtu kaacha ganda la ndizi
na, ukutani, alama ya kichwa alipokuwa ameegemea.